Sifa na lawama za kofia ya mwanga: uchambuzi wa kisa kimoja cha sonona

Mgonjwa tutakayemsoma hapa ni wa kubuni. Nimemuunda kwa vipande vya mambo yanayoweza kutokea mtu mwenye sonona anapojitibu kwa mwanga nyumbani, ili tuyapime yote katika mwili mmoja. Dawa, vipimo na tafiti nitakazozitaja si za kubuni.

Walivyofika

Mwanamke wa miaka 38, mhasibu, anafika kliniki ya afya ya akili akiongozana na kaka yake. Kabla hajaketi vizuri, kaka ameshaweka mezani kofia ngumu ya plastiki iliyojaa vitaa vidogo kwa ndani. "Daktari, hiki ndicho kimemuunguza dada yangu ubongo," anasema. Dada mtu ananyamaza kidogo, kisha anajibu kwa sauti ya chini kwamba bila kofia hiyo angekuwa kitandani mpaka leo.

Mmoja anailaumu kofia, mwingine anaisifu, na wote wawili wana ushahidi wao. Nitaonyesha kwamba wote wawili walikosea kwa namna moja.

Malalamiko ni manne. Usingizi umekatika. Hasira zinakuja haraka kwa mambo madogo. Kwenye paji la uso kuna alama ya kahawia yenye michirizi inayoungana kama wavu. La nne mgonjwa analieleza kwa vidole kuliko kwa maneno: kitu kama shoti fupi ya umeme kinapita ndani ya kichwa, mara nyingi kwa siku, na kila kikipita anahisi kizunguzungu.

Hilo la nne ndilo lililomtisha kaka. Ukiona mtu anavaa taa kichwani, halafu anasema anapigwa shoti kichwani, utafikiri nini kingine?

Mstari wa wiki

Tabibu hakuigusa kofia. Alichukua karatasi, akachora mstari mrefu, akaugawa kwa wiki, akawauliza wote wawili wamsaidie kuujaza. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo bora kilichofanyika siku hiyo, na hakikuhitaji mashine.

Mstari ulijaa hivi. Mgonjwa alikuwa akitumia dawa ya sonona iitwayo venlafaksini, miligramu 75, kwa miezi 3, akapata nafuu ya nusunusu. Dozi ikapandishwa hadi 150. Wiki 3 baada ya hapo, akiwa amechoka kusubiri, akanunua kofia kwenye intaneti na kuivaa dakika 20 kila jioni kama boksi lilivyoelekeza. Wiki 2 za kofia hazijaisha vizuri, akaanza kuamka mapema, akapika, akarudi kazini. Wiki ya 3 ya kofia akaona hana haja ya dawa tena, akaiacha siku moja, yote.

Siku ya pili baada ya kuacha, shoti zikaanza. Yeye alizisoma kama sonona inayobisha hodi upya. Akaongeza mwanga: dakika 60 asubuhi, dakika 60 usiku. Kofia ilikuwa ikiteleza, kwa hiyo akaifunga kwa kitambaa kizito ili ibane. Siku ya 16 tangu kuacha dawa ndipo kaka alipomleta.

Sasa utazame mstari huo bila kuitazama kofia. Dawa za aina hii huchukua wiki 2 hadi 6 au zaidi kuonyesha kazi yake baada ya dozi kupanda. Nafuu ilikuja karibu wiki ya 5 tangu dozi ipande, yaani pale pale ambapo tungeitarajia hata kama kofia isingekuwepo duniani. Halafu shoti zilianza siku 2 baada ya dawa kukatwa, wakati mwanga ulikuwa bado uleule wa dakika 20. Ongezeko la mwanga lilifuata shoti, halikuzitangulia. Kofia ilisifiwa kwa kazi ya dawa, kisha ikalaumiwa kwa kukosekana kwa dawa.

Hilo halimaanishi kofia haina hatia yoyote. Ile alama ya paji la uso haikutoka hewani.

Kofia hii inafanya nini hasa

Wengi huchanganya vitu viwili. Kipo kisanduku cha mwanga mweupe mkali, luksi 10,000, ambacho mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Hicho kinapitia machoni, kinagusa chembe za retina zinazoupa mwili habari za mchana na usiku, na kimetumika kwa sonona ya msimu tangu miaka ya 1980. Kofia ni jambo jingine kabisa. Inatoa mwanga mwekundu au infraredi iliyo jirani na mwekundu, na lengo ni mwanga huo upenye ngozi na fuvu hadi kwenye ubongo wenyewe.

Wazo lina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa akiangaza leza kwenye panya walionyolewa. Aliona manyoya yao yanaota upesi kuliko ya wenzao. Kutoka hapo ukazaliwa uchunguzi wa miongo mingi kuhusu jinsi mwanga mdogo, usiochoma, unavyoweza kuamsha seli. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni kwamba mwanga huo hufyonzwa na kimeng'enya cha mitokondria kiitwacho saitokromu c oksidesi, kile cha mwisho katika mnyororo wa kutengeneza nishati ya seli. Kimeng'enya kikichangamka, seli inapata nishati zaidi na mishipa midogo ya damu hulegea. Kwa kuwa baadhi ya watu wenye sonona huonyesha utendaji hafifu wa sehemu za mbele za ubongo, ikaonekana inafaa kujaribu.

Majaribio ya sonona yenyewe bado ni madogo. Mwaka 2009 watu 10 waliangazwa kwenye paji la uso mara moja, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 810, dakika 4 kila upande. Baada ya wiki 2, watu 6 kati yao walikuwa wameshuka hadi kiwango cha kuhesabiwa wamepona kwa muda, ila kwa wengi nafuu ilififia kufikia wiki ya 4. Mwaka 2018 likachapishwa jaribio la watu 21, wengine wakipewa kifaa bandia: mara 2 kwa wiki kwa wiki 8. Waliopata mwanga walishuka wastani wa alama 10.8 kwenye kipimo cha Hamilton, kinachopima ukali wa sonona, wa kifaa bandia 4.4. Matumaini yakapanda. Kisha jaribio lililofuata, kubwa zaidi ya hilo na lenye mwanga wa kiwango cha chini, halikuona tofauti kati ya mwanga na kifaa bandia. Ndipo tulipo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaidhinisha kifaa cha aina hii kwa kutibu sonona. Vingi vinauzwa kwa maneno laini kama "ustawi wa jumla", maneno ambayo hayaahidi tiba na kwa hiyo hayadaiwi ushahidi wa tiba.

Boksi la kofia ya mgonjwa wetu lilikuwa na maneno hayo hayo.

Je, ubongo uliungua?

Hili ndilo swali la kaka, na linastahili hesabu badala ya kumtuliza kwa maneno.

Boksi liliandika nanometa 810 na nguvu ya miliwati 40 kwa kila sentimita ya mraba. Mwanga wa aina hii ukipita ngozi, mfupa na majimaji ya kichwani, kinachofika juu ya ubongo hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 3 tu, na pale penye nywele nyingi hupungua zaidi. Kwa hiyo juu ya ubongo wake ilifika kama miliwati 0.4 hadi 1.2. Mwaka 2006 watafiti waliwaangaza panya buku 118 kwa leza ya nanometa 808 kutafuta ni wapi madhara yanaanzia. Walipima miliwati 7.5, 75 na 750 kwenye ubongo wenyewe. Ni wale wa 750, mwanga ukiwaka bila kukatika, walioonyesha hitilafu za neva. Kutoka 1.2 hadi 750 ni zaidi ya mara 600.

Mtu anaweza kusema: lakini alikaa saa 2 kwa siku. Ni kweli, ila kwa kuunguza, kinachotawala ni nguvu kwa wakati mmoja. Damu inayopita kichwani hubeba joto dogo na kulitawanya, kama maji ya mto yanavyolipooza jiwe lililopigwa jua. Joto dogo linaloondolewa kila sekunde haligeuki kuwa kubwa kwa sababu tu saa zimepita.

Ushahidi mkubwa zaidi kwa binadamu haukutoka kwenye sonona bali kwenye kiharusi. Majaribio 3 yaliyofuatana, watu 120, kisha 660, kisha 630, yaliwaangaza wagonjwa wa kiharusi kwa leza ya nanometa 808 kwenye sehemu 20 za kichwa kilichonyolewa, dakika 2 kila sehemu. Jaribio la tatu lilisimamishwa kwa kuwa halikuwa na dalili ya kusaidia. Lakini kwa usalama, madhara makubwa hayakuzidi ya wale waliopewa kifaa bandia, na hao ni watu ambao ubongo wao ulikuwa umeshajeruhiwa.

Wauzaji hupenda kuyataja majaribio hayo, na hapo nina neno. Kila mgonjwa wa kiharusi aliangazwa kikao kimoja. Kikao kimoja cha dakika 40 hakikuelezi chochote kuhusu kuvaa kofia kila siku kwa miezi. Katika jaribio la sonona la 2018 kikao kilikuwa dakika 20 hadi 30, miliwati 36.2, na kwa wingi wake juli 65.2 kwa sentimita ya mraba, mara 2 kwa wiki. Hiyo ni kama juli 130 kwa wiki. Mgonjwa wetu, kwa vikao 14 vya saa nzima, alikuwa akijipa juli 2,016 kwa wiki, mara 15 na ushei ya kile kilichowahi kujaribiwa pale. Hata maelekezo ya boksi, kila siku dakika 20, yanafika juli 336. Sijui mwandishi wa boksi aliitoa wapi namba yake.

Na zaidi ya hapo, mwanga huu una tabia ya kutopenda kuzidishwa. Panya wadogo walioumizwa kichwa wakaangazwa mara 1 au siku 3 mfululizo walipata nafuu. Walioangazwa siku 14 mfululizo hawakupata. Ukiongeza hupati zaidi, unaweza kupoteza hata ulichokuwa nacho. Kwa mtu aliyeinunua kofia akiwa na kiu ya kupona, hakuna wazo gumu kulimeza kama hilo.

Shoti za kichwani

Tabibu aliuliza swali moja ambalo mgonjwa hakulitegemea: zinakuja ukiwa umetulia, au ukigeuza macho upande kwa haraka? Akajaribu papo hapo. Kushoto, kulia. Akashika meza. "Hapo, daktari. Hapo hapo."

Shoti zinazoamshwa na kugeuza macho ni alama inayojulikana sana ya kuacha ghafla dawa za sonona zinazogusa serotonini, kemikali ya kupelekeana habari ubongoni. Venlafaksini ni miongoni mwa zinazoongoza kwa hilo, kwa kuwa nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa muda wa kama saa 5, na kile inachogeuka kuwa hutoka nusu kwa kama saa 11. Fluoksetini, inayokaa mwilini kwa siku nyingi, haina ukali huo. Kizunguzungu, hasira, ndoto nzito, usingizi kukatika: vyote vimo kwenye orodha hiyo hiyo. Vinaanza siku 1 hadi 3 baada ya kuacha, kwa wengi huisha ndani ya wiki 2, kwa baadhi huenda mbali zaidi.

Hapa kuna ugumu wa kweli, nisiufiche. Kukosa usingizi, hasira na maumivu ya kichwa vimeripotiwa pia na watu waliopata mwanga kwenye majaribio. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kofia haikuchangia usingizi wake kukatika, hasa ile saa nzima ya usiku. Kinachonifanya niupe mwanga sehemu ndogo tu ya lawama ni mpangilio wa siku: usingizi ulikatika kabla dakika hazijaongezwa. Kuhusu shoti, sina mashaka.

Lililopaswa kuulizwa kwanza

Kuna jambo la hatari kuliko shoti, na tabibu aliligusa kabla ya kuandika dawa yoyote. Mtu mwenye sonona anayelala kidogo, mwenye hasira, aliyechangamka ghafla siku za karibuni, anaweza kuwa anapanda kuelekea mania, uchangamfu uliopita kiasi, yaani sonona yake ilikuwa upande mmoja tu wa ugonjwa wa baipola. Dawa za sonona zinaweza kumsukuma mtu huko. Kisanduku cha mwanga mkali kinajulikana kufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Mwanga wa kofia haujapimwa vya kutosha kwa watu wenye baipola, kwa sababu majaribio mengi huwaacha nje. Ukimrudishia dawa ya sonona mtu aliye kwenye mania, unamwagia moto mafuta.

Swali linalotenganisha ni rahisi. Unalala saa 4: unaamka ukiwa na nguvu, au umechoka? Mgonjwa alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema angelipa pesa zake zote alale. Kaka naye aliulizwa peke yake: matumizi ya fedha ya ghafla, maneno mengi ya mbio, mipango mikubwa isiyokuwa na miguu? Hapana. Katika ukoo, hakuna. Mania ikawekwa kando, bila kufungiwa mlango.

Akaulizwa pia kuhusu mawazo ya kujiua, moja kwa moja, kaka akiwa nje. Alikiri kwamba wiki hiyo alikuwa amewaza kuwa afadhali asiamke, bila mpango wa kujidhuru. Kwenye PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona, alipata 17 kati ya 27. Jibu hilo la kujiua ndilo lililoamua kwamba aonwe tena baada ya siku 3 badala ya mwezi, na kwamba kaka alale nyumba moja naye. Katika kisa kizima, jambo lililoweza kumwondoa duniani lilikuwa hili, na halikuwa na uhusiano wowote na nanometa.

Wavu kwenye paji la uso

Sasa tuje kwenye kosa halisi la kofia.

Alama haikuwa na malengelenge wala maumivu. Ilikuwa kahawia iliyokolea, ya michirizi inayokutana, ikifuata mahali kofia ilipobana. Sura hiyo ina jina lake katika tiba ya ngozi na ni ya kale. Waliipata wazee waliokaa karibu sana na moto, wakaipata wenye kubana chupa ya maji ya moto tumboni kila siku, na siku hizi wanaipata mapajani wanaofanya kazi wakipakata kompyuta. Haihitaji kuungua. Inahitaji joto la kadiri, lisilouma, likirudiwa mahali pamoja kwa wiki. Kwenye ngozi nyeupe huanza nyekundu; kwenye ngozi nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani kabisa, kinachoonekana ni weusi au kahawia ya wavu, na kwa hiyo onyo hufika likiwa limechelewa.

Joto lilitoka wapi? Viwango vya kimataifa vya leza huruhusu kama miliwati 330 kwa sentimita ya mraba kwenye ngozi kwa urefu huu wa wimbi. Kofia ilikuwa 40, karibu moja ya nane. Mwanga peke yake haukutosha. Lakini vitaa hivi havigeuzi umeme wote kuwa mwanga. Sehemu kubwa hubaki kuwa joto ndani ya kitaa na sahani yake, na kofia hutegemea hewa kulipeleka joto hilo nje. Mgonjwa aliizungushia kitambaa kizito. Hewa ikafungiwa nje, plastiki ikagusa ngozi, saa nzima, mara 2 kwa siku.

Rangi ya ngozi nayo ina nafasi yake. Melanini hufyonza mwanga, ila uwezo huo hupungua kadiri wimbi linavyorefuka. Kwenye nanometa 810 bado upo, kwenye 1,064 ni mdogo zaidi. Maana yake kofia hiyo hiyo hupasha ngozi nyeusi joto zaidi kidogo, na hupeleka mwanga kidogo zaidi ndani, yaani madhara ya juu yanaongezeka huku dozi ya ubongo ikipungua. Tumeshafundishwa somo hili na kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni: mwaka 2020 ilionyeshwa Marekani kwamba kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kila mtafiti wa mwanga wa kichwani angepaswa kuandika rangi ya ngozi ya watu wake. Wengi hawaandiki.

Tiba ya alama ni kuondoa joto. Hufifia kwa miezi, mara nyingine haiishi kabisa. Ikikaa miaka chini ya joto lisilokoma, kwa nadra sana, saratani ya ngozi huweza kuota hapo.

Macho, na jambo la dawa

Ili mwanga "ufike vizuri mbele", mgonjwa alikuwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi. Hili lilimtia tabibu wasiwasi kuliko alivyoonyesha. Jicho hukusanya mwanga wa kuanzia nanometa 400 hadi 1,400 na kuufikisha kwenye retina, lakini sisi tunaona vizuri hadi kama 700 tu. Nanometa 810 huonekana kama wekundu hafifu, makaa yanayozimika. Mtu anaudharau, hafumbi, hakwepi, kumbe kinachoingia ni kingi kuliko kinachoonekana. Kope zetu zilifundishwa kukimbia mwanga mkali unaoonekana, hazijui kukimbia huu. Leza za daraja la 3B na la 4, yaani zile kali, zinaweza kutoboa retina kabla hujajua. Vitaa vya LED, kwa kutawanya mwanga, ni vya hatari ndogo zaidi, ila si sifuri. Wafua vioo na watu wa tanuru walipata mtoto wa jicho kwa miaka ya kutazama joto la infraredi.

Alisomeshwa chati, akatazamishwa gridi ya mistari jicho moja moja kuona kama kuna mstari unaopinda, akapelekwa kwa daktari wa macho kuchunguzwa retina. Salama. Miwani ya kinga ingepaswa kuwemo kwenye boksi tangu mwanzo, na iwe imeandikwa urefu wa wimbi inaouzuia. Miwani ya jua ya kawaida haifai kitu hapa.

Dawa zinazofanya ngozi iwe nyepesi kudhurika kwa mwanga, mathalani baadhi ya dawa za zamani za saikosisi, antibaiotiki za jamii ya tetrasaiklini, na mmea wa Hypericum ambao watu wenye sonona huutumia wenyewe, nyingi hukorofishana na mionzi ya urujuanimno kuliko na infraredi. Hata hivyo swali linaulizwa. Yeye hakuwa na hata moja.

Walichofanya

Kofia ikawekwa kabatini. Venlafaksini ikarudishwa kwa miligramu 75, siku chache baadaye 150, shinikizo la damu likipimwa kwa kuwa dawa hii huweza kulipandisha. Siku ya 3, kwenye miadi ile ya haraka, shoti zilikuwa zimekwisha. Akageuza macho kushoto na kulia mbele ya kaka yake, na hakushika meza. Nadhani hicho ndicho kilichombadilisha kaka mawazo. Hesabu ya miliwati aliisikiliza kwa heshima tu.

Mambo 2 tabibu hakuyafanya vizuri. La kwanza, alikubali shinikizo la familia na kuandika picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, ilhali uchunguzi wa neva ulikuwa safi na mstari wa wiki ulishatoa jibu. Picha ilirudi safi, kama ilivyotarajiwa, na ilichelewesha mazungumzo ya maana kwa siku kadhaa. La pili ni zito zaidi na lilitokea kabla ya kisa kuanza. Siku dozi ilipopandishwa, mgonjwa hakuambiwa kwamba atasubiri wiki ngapi, wala hakuonywa asiache ghafla. Hakuulizwa anatumia nini kingine. Mtu aliyeachwa asubiri bila tarehe atajitafutia kitu cha kufanya, na intaneti imejaa vitu vya kufanya.

Wiki ya 6, PHQ-9 ilikuwa 8. Aliuliza kama anaweza kurudi kwenye kofia.

Ningependa angejibiwa hapana, au aelekezwe kwenye jaribio rasmi la utafiti. Tabibu alichagua njia nyingine, na nikiifikiria siipingi: aliogopa kwamba katazo lingeirudisha kofia chumbani kwa siri. Alimwambia asiiguse hadi dawa ifikishe miezi 6 bila kubadilishwa, ili safari hii ijulikane nani amefanya nini. Baada ya hapo, kama bado anaitaka, dakika 20, mara 2 kwa wiki, mchana, bila kitambaa, juu ya nyusi, miwani ikiwa usoni, na ngozi itazamwe na mtu mwingine kila wiki. Usiku 2 mfululizo wa usingizi mfupi, anaacha na kupiga simu. Kama sonona itagoma tena, kuna njia zenye ushahidi mkubwa zaidi za kujadili kwanza, kichocheo cha ubongo kwa sumaku kilichoidhinishwa Marekani tangu 2008 kikiwa mojawapo.

Ilibaki karatasi ya kuripoti madhara. Tabibu alijaza 2. Ya kwanza ya dawa: dalili za kuacha ghafla, zimeisha dawa iliporudishwa. Ya pili ya kifaa: alama ya joto kwenye paji la uso, ngozi nyeusi, kofia ilifunikwa kwa kitambaa, hakuna onyo la kutofunika kwenye maelekezo. Mahali palipoulizwa namba ya toleo la kifaa, aliandika kwamba boksi lilishatupwa.